Saa Zetu na Saa za Jirani Yetu



Katika somo la mwezi huu twataka kunena habari za matumizi ya siku: kuamka na kufanya kazi, kula na kusali, na kulala. Huenda mtu akasema, Haya ni mambo ya nyumbani, yahusuje kanisa? Martin Luther hakuona hivyo. Katika Katekisimo Ndogo aliyoitoa mwaka 1529 hakuweka Amri Kumi na Imani peke yake, bali aliweka pia sala za asubuhi na jioni, na sala za mezani. Tena aliagiza kwamba mtu akiisha kusali asubuhi aiendee kazi yake kwa furaha, na akiisha kusali jioni asikawie kulala. Basi, kuamka na kulala ni sehemu ya mafundisho yetu.

1. Siku tuliyopewa

Sisi wa Bombambili, na Songea yote, tumepewa siku iliyo rahisi kupangwa. Hesabu yetu ya saa huanza jua lichomozapo, na tena lituapo: kumi na mbili za mchana, kumi na mbili za usiku. Kati ya siku ndefu ya Desemba na siku fupi ya Juni tofauti ni yapata saa moja na robo tu. Huko Ujerumani alikoishi Luther, mchana wa Desemba hauzidi saa nane hivi, na ule wa Juni hupita saa kumi na sita. Kwetu nuru haibadiliki sana. Kwa hiyo mpango mmoja waweza kutufaa mwaka mzima.

Tena, katika shamba twajua sana thamani ya wakati. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei. Mahindi yakichelewa kupandwa, au yakiachwa katika magugu majuma ya kwanza, mavuno hupungua, wala hakuna maneno ya kuyabembeleza. Mbona basi majira ya mahindi twayajua, na majira ya mwenzetu hatuyajui?

2. Nani alipaye?

Yatupasa kukiri kosa letu wenyewe kwanza. Siku moja tulimwahidi mama mzee, mgonjwa, kwamba tutampelekea Meza ya Bwana saa nane mchana. Njiani tulikutana na marafiki, tukazungumza, tukaketi, tukanywa chai. Tulifika jua likitua. Tulimkuta amevaa nguo zake nzuri, ameketi kitini tangu saa sita. Hakutaka kula kabla ya kupokea Sakramenti, na kwa kuwa dawa zake aliambiwa azimeze pamoja na chakula, hakuzimeza pia. Hakutulaumu. Alisema tu, "Baba Mchungaji, nilidhani mmenisahau."

Tangu siku ile tulielewa jambo moja, nalo ndilo kiini cha somo hili. Sisi tuliona kwamba tumepoteza saa zetu. Kumbe saa zile zilikuwa zake. Aghalabu anayechelewa si yeye aumiaye. Wazee walisema kweli kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe ni ya yule angojaye. Kwa hiyo kutunza wakati si ujanja wa watu wa mjini, wala si kupenda fedha. Ni kumpenda jirani.

3. Nyumbani

Tazameni sasa nyumba zetu. Ni nani aamkaye wa kwanza na kulala wa mwisho? Mara nyingi ni mama. Baba akirudi saa nne za usiku, chakula chamngoja, na mama hulala baada yake. Kijana akikaa na simu hata usiku wa manane, asubuhi hawezi kuamka kuteka maji, na mama huyateka mwenyewe. Uvivu wa mmoja hulipwa kwa usingizi wa mwingine.

Twawapa mfano, kila nyumba iupime kwa kazi zake. Saa moja ya usiku wote wale pamoja. Kisha sala fupi, na simu ziwekwe kando. Watoto walale saa mbili u nusu, wakubwa saa tatu u nusu. Wote waamke saa kumi na moja u nusu alfajiri. Hivyo mtoto hupata saa tisa za usingizi, na mtu mzima saa nane. Waganga hushauri mtu mzima asipungukiwe na saa saba. Kazi za asubuhi zigawanywe jioni iliyotangulia: wa kuteka maji, wa kufagia, wa kuwasha moto, wavulana sawasawa na wasichana.

4. Mwili

Mwili nao una saa zake. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Chandarua kishushwe kila usiku, maana mbu waletao malaria huuma hasa usiku. Aliyepewa dawa azimeze kwa saa alizoambiwa.

Mwenye kulima hupata mazoezi shambani, lakini mwenye kuketi dukani, ofisini au juu ya pikipiki mchana kutwa na atembee. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma, ndiyo nusu saa kwa siku tano. Hushauri pia chumvi ya siku isifike gramu tano, yaani ipungue kijiko kimoja cha chai. Shinikizo la damu mara nyingi haliumi. Basi twende kupimwa kabla halijatuangusha.

5. Kanisani

Watawa wa Peramiho, majirani zetu tangu mwaka 1898, hugawanya siku kwa kengele, sala kwa saa yake na kazi kwa saa yake. Sisi si watawa, walakini kengele tunayo. Tukitangaza ibada saa tatu na kuianza saa nne, tumemwadhibu yule bibi aliyetoka mbali akafika mapema, na tumemfundisha achelewe Jumapili ijayo. Wengine hujitetea kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini aanzaye mapema ndiye asiyehitaji haraka.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika nyumba yetu, nani hulala wa mwisho, na kwa sababu ya nani?
2. Juma lililopita tulimngojesha nani, naye alipoteza nini?
3. Ni jambo gani moja tutakaloanza kulitenda juma hili?

Msichague mambo kumi. Chagueni moja, mlishike mwezi mzima. Sisi tumekwisha chagua letu: tukimwahidi mgonjwa saa nane, chai ya njiani itatungoja sisi.

Bwana aliyetugawia mchana na usiku atusaidie kuvitumia kwa upendo. Amina.