Mti wa Kilifi Uliobaki kwenye Karatasi

Mnamo mwaka wa 1977, sampuli ya mti mrefu wa msituni ilichumwa hapa Kilifi. Mti huo, Karomia gigas kwa jina la kisayansi, ulikuwa mmoja tu uliojulikana nchini Kenya. Baadaye ulikatwa.

Mimea iliyokaushwa huhifadhiwa katika hebaria, kama ile ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Tawi hubanwa kati ya magazeti, hukaushwa, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu. Bila lebo, hayo ni majani makavu tu. Lebo hutaja mahali, tarehe, aliyechuma, aina ya udongo, rangi ya maua (maana hupauka yakikauka) na jina la wenyeji. Jina hilo mara nyingi hukosekana, ingawa mzee wa kaya angelitaja papo hapo.

Mwaka wa 1993 mti wa aina hiyo ulipatikana upande wa Kilwa, kusini mwa Tanzania. Mwaka wa 2011, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipata miti sita huko. Wangewezaje kujua ni uleule wa Kilifi, kama hakuna aliyehifadhi sampuli?

Mkazi anayekutana na mti asioufahamu hana haja ya kuukata. Apige picha za jani, ua, tunda na gome, aandike mahali, tarehe na jina lake kwa Kigiriama, Kichonyi au Kikauma, kisha aifahamishe ofisi ya misitu iliyo karibu.