MSWAKI: KICHAKA CHA ARDHI YA CHUMVI

Mkulima, ukifika mahali pakavu ukakuta vichaka vya mswaki vimesongamana, vibichi katikati ya kiangazi, usikimbilie kuvifyeka ukidhani umepata shamba la rutuba. Ubichi ule ni wa mswaki peke yake. Mahindi huenda yasiupate.

Mti huu, ambao Linnaeus aliupa jina la kitaalamu Salvadora persica mwaka 1753, huota toka jangwa la Sahara na Arabuni mpaka India. Kwetu huonekana kandokando ya mito ya Turkwel na Kerio huko Turkana, katika bonde la mto Tana, na pwani nyuma ya mikoko. Jina la mswaki latokana na neno la Kiarabu la kijiti cha kusugulia meno. Mti wenyewe Waarabu huuita arak. Matawi yake huinama mpaka chini. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, nayo ni manene na yana maji. Ukiyatafuna utasikia chumvi na ukali kama wa haradali. Matunda ni madogo ya mviringo, na yakiiva huwa mekundu au ya zambarau. Watoto na ndege huyajua vizuri.

Mswaki hustahimilije chumvi? Wapishi wanajua jibu. Ukitia chumvi katika vitunguu vya kachumbari, maji hutoka, kwa maana maji hufuata chumvi iliko nyingi. Ndivyo udongo wa chumvi unavyounyima mmea maji, hata kama udongo umelowa. Mswaki huiruhusu chumvi iingie, huiweka katika majani yake, na kwa hiyo huweza kuyavuta maji kutoka ardhini. Mahindi na maharagwe hayana uwezo huo. Hunyauka ncha za majani zikiungua, na mwenye shamba hulaumu mbegu.

Jambo hili lina sehemu ya pili. Majani makuukuu yakianguka, huirudisha chumvi juu ya ardhi. Basi usiyatumie kufunika bustani ya mboga.

Lakini mswaki huota pia mahali pasipo chumvi nyingi, hivyo usihukumu kwa kichaka tu. Tazama kama ardhi ina ukoko mweupe baada ya maji kukauka. Kisha tia udongo wa mahali pale katika kopo moja, na udongo wa shamba lako zuri katika kopo la pili. Yote mawili yatobolewe chini. Panda mahindi, mwagilia maji sawasawa, ungoje siku 20. Makopo mawili ni hasara ndogo kuliko kupoteza eka nzima. Ukiona tofauti, mpelekee Bwana Shamba udongo ule aupime kabla hujalima.

Ikiwa ardhi ni ya chumvi, mwache mswaki afanye kazi yake. Ngamia na mbuzi hula majani yake wakati majani mengine yamekwisha. Ila wakishakula chumvi hiyo wataka maji mengi, basi usiwapeleke mbali na kisima. Mizizi yake hushika kingo za mito, na vichaka huzuia mchanga unaopeperushwa na upepo. Ukikata, bakiza kisiki, kitachipua.

Wachimbaji wa miswaki ya kuuza ndio wanaoharibu sana, kwa sababu huchimba kuuzunguka mti wote. Chimba upande mmoja tu, chukua mizizi midogo, ufukie shimo, na mwaka ujao uende kwenye kichaka kingine.

Wataka kupanda? Okota matunda yaliyoiva, yaoshe mpaka nyama yote itoke, maana nyama ile huizuia mbegu kuota. Panda mvua zinapoanza, wakati maji yamekwisha kuisukuma chumvi chini kidogo, na uzungushie miiba. Mche hukua polepole, na mbuzi hangoji.