INSHA YA WASIFU: JIJI LA TANGA WAKATI WA VULI

Swali la mfano: Andika insha ya maneno yasiyopungua 300 na yasiyozidi 400 kuhusu mji wa viwanda uliodorora na ambao sasa unafufuka. Onesha alama zake za kihistoria na maisha ya wakazi wake katika msimu mmoja wa mwaka.

Mtahiniwa wa Kanazi, Ngara au Biharamulo akikutana na swali kama hili huweza kushtuka. Viwanda vikubwa viko mbali, bahari hajaiona. Usishtuke. Insha ya wasifu haiulizi kama umefika mahali. Inauliza kama unaweza kumfanya msomaji apaone. Mwenye taarifa kumi za kweli na akachagua sita humpita aliyezaliwa mji huohuo lakini akaandika kwamba ni “mji mzuri sana wenye vivutio vingi”. Sentensi hiyo inafaa kwa mji wowote duniani, kwa hiyo haisemi lolote.

Kabla ya kuandika, soma swali mara mbili. Linataka mambo matano: viwanda, kudorora, kufufuka, alama za kihistoria na maisha ya watu. Jambo la sita, msimu, limewekwa mwishoni, na wengi hulisahau. Tutatumia Tanga, kwa sababu historia yake inatosheleza yote sita, na kwa sababu ina uhusiano na mkoa wa Kagera kuliko unavyodhani.

Kwanza neno lenyewe: vuli. Kwetu vuli ni msimu wa mvua fupi, takriban Oktoba hadi Desemba. Wafasiri wa vitabu vya Ulaya hulitumia pia kwa majira ambayo majani hugeuka rangi na kupukutika kabla ya baridi. Mtahiniwa anayeandika kwamba Tanga wakati wa vuli “majani ya manjano yalifunika barabara” ameichukua picha kutoka kitabu cha nchi nyingine. Vuli ya Tanga ina mawingu, matope na maturubai.

Taarifa za kuandaa

Mwaka 1893 ndio wa kukumbuka. Mwaka huo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kuelekea bara. Ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikafika hai miche 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Mwaka 1964 mavuno yalifikia takriban tani 230,000.

Mkonge ulihitaji mikono. Wakataji waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Katika miaka ya 1940 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kama SILABU. Watu walichukuliwa kutoka Kigoma, Songea, Iringa, hata Burundi, ng’ambo tu ya mpaka wa Ngara. Mkataba ulipokwisha, wengine walirudi kwao na wengine wakabaki, na ndiyo maana mkoa wa Tanga una familia nyingi zenye asili ya magharibi ya nchi. Kama katika ukoo wako yuko mzee aliyewahi kuwa manamba, muulize. Alichokiona kwa macho yake kina thamani kuliko sura nzima ya kitabu hiki.

Kilichoangusha mkonge ni mambo kadhaa yaliyofuatana. Kamba za nyuzi za plastiki ziliingia sokoni na bei ikaporomoka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967 na usimamizi wake ukalegea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 40,000. Tatizo halikuishia shambani. Kiwanda cha mbolea, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vingine vikafuata njia hiyo au vikapunguza kazi. Si vyote vilikufa: kiwanda cha saruji cha Pongwe, kilichoanza uzalishaji mwaka 1980, kiliendelea.

Kufufuka nako kuna ushahidi wake. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na mzigo ukashushwa kwa matishari. Serikali imechimba kina cha bandari hadi mita 13 na kujenga gati la mita 450, hivyo meli zinafunga gatini moja kwa moja. Upande wa kaskazini wa ghuba, Chongoleani, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017 na Marais John Magufuli na Yoweri Museveni. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko Tanzania, na linapashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda huganda yakipoa. Na hapa ndipo Kagera inapoingia: bomba linapovuka mpaka huingia mkoani kwetu na kupita wilaya ya Biharamulo pia.

Insha ya mfano

TANGA INAPONYESHEWA

Novemba ikiingia, mawingu hutanda juu ya Kisiwa cha Toten na wauza mihogo wa Ngamiani huvuta maturubai juu ya meza zao. Mvua ya vuli haina adabu: hunyesha saa moja, jua likatoka, kisha ikarudi. Waendesha baiskeli hawajali. Tanga ni jiji tambarare, na baiskeli ndiyo miguu yake.

Mgeni hapotei Ngamiani kwa sababu mitaa yake ina namba. Ukiuliza nyumba ya fulani, utaelekezwa Barabara ya Nane au ya Kumi na Mbili. Katika mitaa hii ndimo zilimostawi Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyosikika pwani yote, na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Siku Coastal Union wakicheza Mkwakwani, mvua haizuii mtu.

Ukishuka upande wa bandari utauona mnara wa saa na boma la kale, vyote vya enzi za Wajerumani. Ilikuwa Novemba kama hii, mwaka 1914, Waingereza walipoteremsha askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, kuuteka mji. Jeshi la Wajerumani, lililokuwa na askari wachache zaidi na wengi wao Waafrika, liliwarudisha majini. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwauma wapiganaji, na hadi leo vita hivyo hutajwa pamoja na nyuki.

Nje ya mji ziko korona, viwanda vya kusindika mkonge. Zipo zinazonguruma na zipo zilizobaki kuta na mabati yenye kutu. Mji uliojengwa kwa nyuzi ulikonda nyuzi zilipokosa soko. Baba alipopoteza kazi kiwandani, mama alianza kukaanga samaki mlangoni, na meza ya samaki ndiyo iliyolipa ada.

Leo korongo za bandari zinainuka tena na malori yanapanga foleni. Asubuhi wafugaji hufikisha maziwa vituoni kwa ajili ya kiwanda cha Tanga Fresh, na vuli ikiwa njema majani ya malisho huwa mengi na ndoo hujaa. Lakini kijana aliyesimama kwenye lango la bandari akiwa na cheti mkononi anauliza swali moja: meli imekuja, je, kazi nayo imekuja? Matishari yalihitaji mabega mengi. Gati jipya linahitaji wachache wanaojua mashine.

Jioni mvua hukatika. Harufu ya udongo mbichi huchanganyika na ya samaki wa kukaanga, na kengele za baiskeli husikika kuelekea Ngamiani. Kule Chongoleani taa zimewashwa.

Uchambuzi

Angalia aya ya kwanza. Haikuanza na “Tanga ni mji ulioko kaskazini-mashariki mwa Tanzania”. Si kosa kuanza hivyo, ila wengi wataanza hivyo, na msahihishaji amekwisha kuisoma sentensi hiyo mara mia. Kwa kutaja Novemba, mawingu na maturubai, mwandishi ameujibu msimu mapema, halafu akautumia tena kwenye mechi, vita na malisho. Msimu umefanya kazi katika insha badala ya kuwa pambo la utangulizi.

Pili, alama za kihistoria ni chache. Mapango ya Amboni, yaliyo kilomita chache kaskazini mwa mji, hayakutajwa. Wala Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kwa somo la Kiswahili kumwacha Shaaban Robert kunauma, nakiri, lakini katika maneno 400 ukitaja kila kitu utakuwa umeandika orodha. Ukimtaka yeye, ondoa vita.

Tatu, tazama takwimu. Insha imetumia mwaka mmoja na idadi moja tu, ingawa tuliandaa nyingi. Takwimu zilizobaki hazikupotea: ndizo zilizompa mwandishi ujasiri wa kusema “mji uliojengwa kwa nyuzi” bila kubahatisha. Kama swali lingetaka insha ya hoja, tani 230,000 na tani 40,000 zingeingia, maana hoja huhitaji uthibitisho.

Nne, na hili ndilo linalotenganisha insha ya alama za kati na ya alama za juu: aya ya tano haikusifu tu. Swali linasema mji “unafufuka”, na mtahiniwa mvivu huandika kwamba sasa kila kitu ni kizuri. Huyu ameonesha meli, kisha akamwonesha kijana langoni. Hakulaani mradi wala hakuupigia debe; ameuliza swali ambalo wakazi wenyewe wana haki ya kuuliza. Tahadhari tu: usigeuze insha ya wasifu kuwa hotuba. Swali moja linatosha.

Mwisho, lugha. Methali haimo hata moja. Watahiniwa hufundishana kwamba insha isiyo na methali hupungukiwa alama, ndipo unapokuta “haba na haba hujaza kibaba” katikati ya habari za bandari. Methali ikija yenyewe, ikaribishe, usiiburute. Tamathali zilizotumika zimetoka kwenye mada: baiskeli kuwa miguu, mji kukonda, mvua kukosa adabu. Ya kwanza ni sitiari, mbili zinazofuata ni tashihisi. Hakikisha unaweza kueleza tofauti hiyo.

Zoezi

1. Taja sehemu tatu za insha ya mfano ambapo vuli imeathiri shughuli au matukio. Kwa kila moja, eleza kingepungua nini kama ingeondolewa.

2. Andika upya aya ya nne ya insha kwa maneno yasiyozidi 35, bila kupoteza sababu ya mji kudorora.

3. Mwenzako ameandika: “Bomba la mafuta limemaliza shida zote za vijana wa Tanga.” Rekebisha sentensi hiyo iwe ya kweli, kisha eleza ulichobadilisha.

4. Chagua moja: Biharamulo na boma lake la Wajerumani, au Ngara na mradi wa nikeli wa Kabanga. Kusanya taarifa kumi za kweli kutoka kwa wazee, mwalimu wa Historia na macho yako mwenyewe. Chagua sita, kisha andika insha ya maneno 350 inayoonesha mahali hapo wakati wa mvua za mwanzo, maharage yakiwa yamepandwa. Jiulize nani atakuwa amesimama langoni katika insha yako, na anauliza nini.