Zana za Shaba na Beriliamu: Zitumie, Usizisage

Kijitabu hiki ni cha mafundi wa maghala ya mafuta, madereva na matingo wa malori ya petroli, wafanyakazi wa vituo vya kujazia gesi ya kupikia, wachimbaji wa makaa ya mawe na watunza stoo wanaoagiza vifaa. Yupo msomaji mwingine ambaye kwa kawaida hasemwi katika mafunzo ya aina hii: mnunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na fundi wa kusubu anayeyeyusha shaba yake.

Cheche hutoka wapi

Nyundo ya chuma ikigonga boliti yenye kutu, chembe ndogo mno ya chuma humeguka ikiwa na joto kali, nayo huendelea kuungua ikiwa hewani. Hiyo ndiyo cheche unayoiona. Mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya hapo kuwaka, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutuama kwenye mashimo na mitaro, palepale fundi anapoinama kufungua valvu. Mgodini, gesi ya methani hulipuka ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa.

Chembe ya shaba haiungui hivyo, na joto lake hupotea upesi. Tatizo ni kwamba shaba tupu ni laini, na spana yake ingepinda kwenye nati ya kwanza iliyokaza. Ndipo ikachanganywa na beriliamu, asilimia 2 hivi tu, kisha ikapashwa moto kwa kipimo maalumu hadi ikawa ngumu kuliko karibu mchanganyiko mwingine wowote wa shaba. Haishikwi na sumaku pia, na kwa sababu hiyo hutumiwa na wategua mabomu ya ardhini na mafundi wa mashine za MRI hospitalini.

Mahali zinapokwama

Zana hizi hupunguza hatari, haziiondoi. Pima gesi kwanza, fungua njia za hewa, unganisha lori na waya wa ardhi, zima simu. Spana ya shaba ije baada ya hayo yote. Kiongozi anayewapa vijana spana ghali na kuwanyima kipima gesi amenunua utulivu wa moyo wake tu.

Kwa kuwa zana hizi ni laini kuliko chuma, punje za mchanga na chembe za chuma hujikita usoni mwa nyundo, na hizo zikigonga hutoa cheche kama kawaida. Futa kila zana kabla ya kazi, na usiiweke sanduku moja na zana za chuma. Usichomeke bomba kwenye mpini wa spana ili kuongeza nguvu, maana itavunjika na mkono wako utaumia. Usiitumie penye umeme, kwani shaba hupitisha umeme vizuri sana. Usiikutanishe na gesi ya asetilini, kwa sababu shaba na asetilini huweza kutengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Penye amonia pia iepuke, kwa kuwa aloi za shaba hupasuka nyufa humo.

Anayenunua aende na sumaku. Ikinata, hicho ni chuma kilichovikwa rangi ya shaba, hata muuzaji akiapa.

Hatari yenyewe ni vumbi

Kushika spana hii hakudhuru, wala kufungia nati, wala kuibeba mfukoni. Madhara huanza pale inapogeuka vumbi au moshi: kwenye grinda, tupa, msasa, kuchomelea na kuyeyusha. Beriliamu ikivutwa mapafuni, mwili wa baadhi ya watu huanza kupambana nayo, na mapambano hayo huacha makovu yasiyofutika. Ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miezi au baada ya miaka mingi, na hauna tiba ya kuumaliza. Beriliamu pia imethibitishwa kusababisha saratani ya mapafu kwa binadamu. Mwaka 2017 Marekani ilishusha kiwango kinachoruhusiwa katika hewa ya kazini kutoka maikrogramu 2 hadi 0.2 kwa kila mita ya ujazo, wastani wa saa 8. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, na barakoa ya kitambaa haikizuii.

Kwa hiyo patasi ikichanua kichwa, usiipeleke kwa fundi wa grinda wa mtaani. Irudishe kwa aliyeiuza au kwa karakana yenye mitambo ya kufyonza vumbi. Pasipo na karakana hiyo, iondoe kazini. Kwa kazi nyingi za maghala yetu tunashauri bronzi ya alumini: huchakaa mapema zaidi, lakini haina beriliamu kabisa.

Zana zilizochakaa ndizo zinazotutia wasiwasi kuliko zote. Zinang'aa kama shaba nyingine, na kwa mnunuzi wa chakavu ni kilo tu. Zikiingia kwenye tanuru la kusubu, moshi wake huvutwa na fundi, msaidizi wake na jirani anayeuza chai. Mtunza stoo aziandike kwa namba, azifungie, na asiziuze ila kwa mnunuzi aliyeambiwa kwa maandishi kwamba zina beriliamu.

Ukiwa umewahi kuzisaga au kuziyeyusha, kisha ukapata kikohozi kisichoisha, pumzi fupi, uchovu na kupungua uzito, nenda hospitali. Dalili hizo hufanana na za kifua kikuu, na daktari asiyejua kazi yako atatafuta kifua kikuu kwanza. Mwambie ulifanya kazi gani, na utaje beriliamu kwa jina.