Kilomita 21 baada ya miaka arobaini: kijitabu kwa jamaa za Bunia

Kenneth Mungara alikuwa kinyozi nchini Kenya. Baadhi ya wateja wake walikuwa wanariadha, na habari zao zikamwingia. Alipoanza kushindana katika mbio ndefu alikuwa amekwisha pita miaka 30. Julai 2015, akiwa na miaka 41, alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42. Hakuna mtu wa miaka 40 na zaidi aliyekuwa amekimbia upesi hivyo kabla yake. Mwaka 2018 alirudi akashinda tena, akikaribia 45.

Kati ya mashindano yake ya kwanza na rekodi ile ilipita miaka kama minane. Watu husimulia rekodi, miaka minane wakaisahau. Sisi tunaanza na hiyo miaka.

Kijitabu hiki ni cha papa au mama aliyevuka arobaini na kutia nia ya kukimbia kilomita 21, au hata 42. Ni cha wale anaoishi nao pia, kwa sababu mazoezi yatakula saa za nyumba na chakula cha nyumba, na akiumia ni wao watakaomhangaikia.

Kabla ya hatua ya kwanza

Nenda kituo cha afya upimwe tansio na sukari. Tansio haiumi, mtu anaweza kutembea nayo miaka bila kujua. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku mbalimbali, anza matibabu, na mazoezi yaanze kwa kutembea. Ikifika 180 kwa 110, usikimbie hata kidogo mpaka ishuke. Tunamwogopea hasa yule anayekaa ofisini au dukani kutwa, jioni akaongeza bia mbili na nyama ya kuchoma, kisha Jumamosi akataka kushindana na vijana.

Waulize wazee kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50. Kwetu kifo cha namna hiyo mara nyingi husemwa ni sumu. Iwe mnaamini hivyo au hapana, mwelezeni muuguzi, kwa kuwa ugonjwa wa moyo hupita katika damu ya jamaa.

Pumzi hutangulia, kisigino huchelewa

Moyo na mapafu huzoea mapema. Baada ya wiki sita hivi unapanda mlima bila kuhema sana, na kiburi kinaingia. Lakini kano, yaani kamba zinazofunga misuli kwenye mifupa, huchukua miezi mingi kukomaa, na baada ya arobaini huchelewa zaidi. Ile kubwa iliyo juu ya kisigino ndiyo hulipa deni la haraka. Watu wengi huumia katika mwezi wa pili au wa tatu, wakati ule ule wanapojisikia wazima kuliko zamani.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza changanya: tembea dakika nne, kimbia moja, rudia kwa nusu saa, siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Ukishindwa kuongea na mwenzako unapokimbia, punguza mwendo. Baadaye ongeza kidogo kidogo, na mara moja kwa wiki nenda mwendo mrefu wa polepole. Mara mbili kwa wiki simama kwenye ngazi, inua visigino na kuvishusha taratibu, kisha keti na kuinuka kitini bila kutumia mikono. Misuli hupungua kwa umri isipopewa kazi. Kuna mipango inayoahidi kilomita 21 kwa miezi mitatu. Kwa mtu wa miaka 45 anayeanza bila chochote, hatukubaliani nayo. Mpeni mwaka.

Mama anayerudi shambani na kuni kichwani, au aliyebeba jerikani za maji asubuhi, amekwisha fanya sehemu kubwa ya mazoezi yake. Akitaka kukimbia, kazi nyingine ya nyumbani ihamie kwa mtu mwingine. Kumshangilia tu bila kumpokea jerikani si msaada. Akiwa na kizunguzungu au viganja vimepauka, apimwe damu. Maharagi, sombe na samaki za Kasenyi zikae kwenye sahani yake pia, si ya papa peke yake.

Mambo ya hapa kwetu

Homa ikija, hakuna kukimbia. Pima malaria, maliza dawa zote, na hata homa ikishaondoka subiri kama wiki nzima, kisha urudi kwa kutembea, maana malaria hupunguza damu.

Usimeze diclo au ibuprofeni ili maumivu yasikuzuie kukimbia. Mwili ukiwa umekauka maji, dawa hizo zinaweza kuharibu figo, na maumivu uliyoyanyamazisha yatakuletea jeraha kubwa zaidi.

Bunia iko juu ya mita 1,200, hewa yake ni ya baridi kidogo. Anayekimbia vizuri hapa akishuka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, joto litamshangaza, apunguze mwendo. Kunywa ukisikia kiu. Kujilazimisha lita nyingi za maji matupu ni hatari pia, kwani chumvi ya damu hushuka.

Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya uongozi wa kijeshi. Usikimbie gizani, mtu anayekimbia kabla ya kupambazuka anaweza kudhaniwa mwingine. Nenda na wenzako kumekucha, muulize shefu wa kartie kuhusu njia, na siku ya wasiwasi zunguka uwanja wa mpira. Wakati wa kiangazi uwanja ni bora hata hivyo kuliko vumbi la pikipiki barabarani.

Akianguka

Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, jasho la baridi, kizunguzungu, au pumzi kukatika isivyo kawaida: asimame hapo hapo apelekwe hospitali. Msimwambie amalizie.

Akianguka, haitiki na hapumui, mlaze chali mahali pagumu. Usimwagie maji, usimtie kitu kinywani. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu kina cha sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kiinuke kila mara. Mbadilishane kila dakika mbili. Mwingine atafute gari. Si pikipiki, kwa sababu juu yake hakuna anayeweza kuendelea kukandamiza.