Kosa la Wavu Lisibebeshwe Gunia

Mama mmoja wa Bugomora, wilayani Kyerwa, ameniandikia kurasa mbili kwa mkono. Kazi yake ni kuchuuza dagaa. Hununua mwaloni Bukoba, huwasafirisha kwa gari la abiria kupitia Kyaka na Omurushaka, kisha huwauza kwa kisado na kwa kopo siku za gulio. Safari yake ya mwisho gari lilisimamishwa kwenye kizuizi njiani. Mtu aliyejitambulisha kwa mdomo tu kuwa ni wa uvuvi alifungua gunia moja kati ya manne, akamwaga dagaa juu ya turubai, akachambua kwa vidole mpaka akapata vifaranga watano wa sangara. Akatamka papo hapo kwamba mama amekutwa na samaki wachanga, na kwamba dagaa wote wamevuliwa kwa nyavu haramu. Akamletea karatasi aweke dole gumba, akamtaka shilingi laki mbili.

Mama hakuwa nazo. Alipiga simu nyumbani, mwanawe akatuma laki moja na nusu kwenye namba ya simu aliyotajiwa. Akarudishiwa magunia mawili. Mawili mengine yakabaki "kwa uchunguzi". Hakupewa risiti ya fedha wala ya mzigo. Anauliza, kwa lile neno la heshima la kwao: waitu, kosa langu ni lipi?

Nimepokea malalamiko ya namna hii mara nyingi, na mtego ni uleule kila mara, kwa hiyo namjibu hadharani ili na wengine wasikie.

Uvuvi wa Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni za Uvuvi za 2009, ambazo zimefanyiwa marekebisho, yakiwemo ya mwaka 2020. Kwa sangara na sato, kanuni zinampima samaki mwenyewe: sangara asipungue sentimita 50, sato asipungue sentimita 25. Kwa dagaa ni tofauti. Dagaa wa Ziwa Victoria hazidi urefu wa kidole hata akiwa mzee, kwa hiyo hapimwi kwa rula. Kinachopimwa ni tundu la wavu, na kipimo cha kanuni kwa dagaa wa ziwa hili ni milimita 8. Wavu wenye tundu dogo kuliko hapo ni haramu. Kokoro ni haramu. Chandarua cha mbu kilichogeuzwa wavu ni haramu.

Zingatia maana yake. Gunia la dagaa wakavu halina wavu ndani yake. Hakuna afisa, awe msomi kiasi gani, anayeweza kuwatazama dagaa waliokaushwa Bukoba, akiwa amesimama barabarani mbali na ziwa, akajua tundu la wavu lilikuwa milimita 8 au 5. Wavu uko kwenye mtumbwi, unatumika usiku wa giza chini ya taa, na ni huko ndiko unakopaswa kukaguliwa. Anayekuambia barabarani kwamba dagaa wako ni wa nyavu haramu, muulize kwa adabu: wavu wenyewe uko wapi, na nani aliupima?

Vifaranga wa sangara ni jambo jingine, na hapa sitamdanganya mama. Kukutwa na sangara walio chini ya kipimo ni kosa, na vifaranga hao huingia kwenye wavu wa dagaa kwa sababu hukaa maji yale yale na hufuata mwanga ule ule. Ukiwa na jicho zuri utawatambua hata wakiwa wamekauka: dagaa mkia wake umegawanyika kama uma, kifaranga wa sangara mkia wake ni wa mviringo na mdomo wake ni mpana. Kwa hiyo chambua mzigo wako pale mwaloni, mbele ya aliyekuuzia, na uwakatae. Lakini vifaranga watano katika gunia zima ni jambo la kupimwa na mahakama, ambayo itauliza ni wangapi, walifikaje humo, na mwenye gunia alijua nini. Kazi ya kuthibitisha kosa ni ya upande wa mashtaka, na kizuizi cha barabarani si mahakama.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe. La kwanza ni ile karatasi ya dole gumba.

Sheria ya Uvuvi inaruhusu kosa limalizwe bila kufika mahakamani. Mtuhumiwa anakiri kwa maandishi, analipa kiasi anachopangiwa na mwenye mamlaka, na shauri linaishia hapo. Nia ilikuwa njema: mtu mwenye kosa dogo asipoteze miezi akihudhuria mahakama. Lakini utaratibu huo unasimama juu ya neno moja, nalo ni hiari. Unakiri kwa sababu unakubali umekosa na umechagua njia hiyo. Kama hukubali, hulazimishwi. Unasema: "Sikubali kosa, naomba nipelekwe mahakamani." Ni haki yako, na Katiba ya 1977 inailinda katika Ibara ya 13(6): kila mtu asikilizwe kwa ukamilifu, na asitendewe kama mwenye hatia kabla haijathibitishwa kwamba anayo.

Wengi wanatia dole wakidhani wanasaini kwamba mzigo umekaguliwa. Wengine wanaambiwa ni karatasi ya kuruhusiwa kuondoka. Siku ukija kulalamika, unaonyeshwa dole lako mwenyewe likisema ulikiri. Nawaomba wachuuzi wote wa Kyerwa na Karagwe, msitie dole wala saini kwenye karatasi ambayo hamjasomewa neno kwa neno kwa lugha mnayoielewa. Kama hujui kusoma, mwite abiria mwenzako akusomee. Ukishurutishwa, andika au uandikiwe juu ya saini yako: "Sikubali kosa." Maneno hayo mawili yamewaokoa watu.

La pili ni fedha. Malipo halali ya serikali yana namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontrol namba. Fedha inaingia serikalini kwa benki au kwa simu, na risiti inatoka. Faini hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu, haipungui kutoka laki mbili hadi laki moja na nusu kwa sababu mwanao hana zaidi, na hailipwi mkononi nyuma ya gari. Ukiona bei inashuka kama ya nyanya sokoni, jua hiyo ni rushwa. Na lazima niseme wazi: chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007, anayetoa ana kosa kama anayepokea. Ndiyo sababu wala rushwa wanastarehe, wanajua uliyempa utaogopa kusema. Njia ya kutoka ni kutoa taarifa mapema. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113, na haina gharama.

La tatu ni mzigo. Afisa mwenye mamlaka anaweza kushikilia mali anayoamini imehusika na kosa, lakini sheria ya mwenendo wa jinai inamtaka atoe hati ya vitu alivyochukua, yenye saini yake, yako na ya shahidi. Dai mzigo upimwe uzito mbele yako na kilo ziandikwe, kwa sababu gunia la kilo 40 linaloingia stoo usiku bila maandishi likitoka huwa na kilo 25. Omba kuona kitambulisho. Andika jina lake, saa, mahali na namba ya gari lake. Afisa mwaminifu haogopi kuandikwa. Ukikamatwa wewe mwenyewe, uambiwe sababu, na ndani ya saa 24 uwe umepewa dhamana au umefikishwa mahakamani. Fomu ya dhamana polisi hailipiwi.

Na wewe timiza upande wako. Uwe na leseni ya biashara ya mazao ya uvuvi na kibali cha kusafirisha kinachotolewa unakonunulia, chenye idadi ya kilo sawa na zilizomo kwenye gari. Tunza risiti ya mwaloni. Kama unavusha mzigo Murongo kuingia Uganda, ambako dagaa hao wanaitwa mukene na wanapendwa, hiyo ni biashara ya nje na ina vibali vyake. Mchuuzi asiye na karatasi yoyote anamrahisishia kazi mnyang'anyi. Na usikubali kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, kikutoze faini. BMU ni macho ya jamii mwaloni, si hakimu.

Nimeeleza sheria ilivyo. Sasa niseme inavyoniuma.

Sheria ya uvuvi inambana zaidi aliye mbali zaidi na kosa. Wavu haramu una aliyeutengeneza au kuuingiza nchini, una duka lililouuza mchana kweupe, una tajiri mwenye mtumbwi anayewalipa vijana waushushe majini. Wote hao wana anwani. Mama wa Bugomora hajawahi kuushika wavu huo, lakini ndiye anayesimama barabarani na gunia lake likiwa wazi, kwa hiyo ndiye anayekamatika kirahisi. Dagaa ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa Ziwa Victoria, na ndio kitoweo cha mtu asiyemudu sangara. Kuwalinda ni lazima. Lakini wanalindwa ziwani na dukani. Kumnyang'anya mchuuzi hakumrudishi hata dagaa mmoja majini.

Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu nyingi zilichomwa moto na wavuvi wengi walilia kwamba hawakusikilizwa. Juni mwaka huo maofisa waliingia mgahawa wa Bunge Dodoma, wakapima kwa rula samaki waliokwisha kupikwa, na mwendesha mgahawa akatozwa faini ya shilingi 300,000. Wabunge walichachamaa, na siku hiyo hiyo nchi nzima ikaanza kuuliza habari za utaratibu. Wabunge walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini utaratibu walioudai kwa sahani yao ndio anaoudai mama huyu kwa magunia yake manne, na yeye hana mjumbe wa kusimama barabarani kumsemea.

Vilevile, Sheria ya 2003 na Kanuni za 2009 zilitungwa kwa Kiingereza. Sheria Na. 1 ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Basi kanuni za uvuvi zibandikwe kwa Kiswahili kila mwalo na kila kizuizi, pamoja na viwango vya faini. Kanuni zitaje waziwazi ni vifaranga wangapi katika kilo ya dagaa wakavu wanaohesabika kuwa kosa, ili vidole vya mtu mmoja visiamue. Na mamlaka ya kumalizia kosa kwa faini yaondolewe kabisa barabarani. Mtu mmoja hawezi kukamata, kushtaki, kuhukumu na kupokea fedha kwa mkono uleule.

Mama yangu wa Bugomora, ulichofanya ulikifanya kwa hofu, na hofu hiyo ilitengenezwa makusudi. Usifute ule ujumbe wa muamala kwenye simu ya mwanao. Una tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Nenda nao TAKUKURU wilayani wiki hii, mwende pamoja na mwanao. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri ukiomba hati ya magunia yako mawili, nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa msaada wa kuandika, waone watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria Na. 1 ya 2017. Huduma yao haina malipo.

Umeniuliza kosa lako ni lipi. Kama kuna kosa, ni vifaranga watano ambao hakimu hajawaona. Kutozwa laki moja na nusu bila risiti ni kosa la mtu mwingine, na huyo ndiye anayepaswa kujibu.