SOMO: KUBUNI MUZIKI KWA GITAA



Vijana wetu wengi wa Bukoba na Muleba wanajua kupiga gitaa. Lakini mara nyingi tunaona jambo hili: kijana amekariri wimbo vizuri, mwimbaji anarudia ubeti mara moja zaidi, na vidole vya kijana vinakwama. Amejifunza wimbo, hajajifunza lugha ya muziki. Somo hili ni la kumsaidia huyo.

Kwanza tuelewe neno. Bendi zetu za zamani zilijiita "Jazz": Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz. Muziki wao ulikuwa wa dansi, si jazi ya Marekani. Hata hivyo walishiriki jambo moja: mpiga gitaa la solo alipewa nafasi ya kubuni papo hapo. Marehemu Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) alisifika kwa ufundi huo. Nao muziki wa soul, ambao mizizi yake mingine imo katika nyimbo za makanisa ya Wamarekani weusi, una wito na itikio: sauti moja inauliza, nyingine inajibu.

Je, hayo ni mageni kwetu? La. Mpiga enanga wa Buhaya huimba utendi huku akirudia mfuatano mmoja wa nyuzi, akiubadilisha kidogo kidogo kadiri hadithi inavyokwenda. Profesa M. M. Mulokozi alizichambua tendi hizo katika tasnifu yake ya 1986. Wazee wenye ufundi huo wanapungua. Kijana mwenye gitaa na awasikilize mapema.

Sasa tufuate hatua.

1. Imba kwanza. Usichoweza kukiimba, vidole vitakibahatisha tu.

2. Tumia sauti tano: do, re, mi, so, la. Katika ufunguo wa C ni C, D, E, G, A. Fa na ti ziache kwanza, maana hugongana upesi na sauti za mwenzako.

3. Jua pa kutua. Mwenzako akipiga kodi ya C, tua kwenye do, mi au so. Akipiga F, tua la au do. Akipiga G, tua so au re.

4. Uliza, kisha jibu. Piga sauti tatu au nne, nyamaza kwa muda ule ule, halafu jibu. Kunyamaza nako ni muziki.

5. Ukishazoea, ishushe mi nusu sauti wakati mwenzako yuko kwenye C. Hapo utaonja ladha ya bluzi na soul.

Zoezi la mwezi

Mmoja apige vipimo 12, kila kimoja mipigo 4: C vipimo 4, F 2, C 2, G 1, F 1, C 2. Mwingine abuni. Juma la kwanza atumie do na re tu: zinatosha, kwa kuwa do inatua kwenye C na F, na re inatua kwenye G. Juma la pili aongeze mi, la tatu so, la nne la. Kisha wabadilishane zamu.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini tunaacha fa na ti mwanzoni?
(b) Mwimbaji akirudia ubeti bila kukuambia, utatua wapi?

Anayeweza kujibu swali la pili kwa vidole, bila maneno, ameanza kubuni. Haba na haba hujaza kibaba.